Kuanza kazi ya ufundi wa mitandao ukiwa Kisumu: anzia kwenye waya

Binti wa shangazi yangu alimaliza kidato cha nne, akaja kwangu Migosi kuniuliza afanye kozi gani ili awe fundi wa mitandao ya kompyuta. Nilimwekea mezani koleo la kubania, mfuko wa plagi za RJ45 (vichwa vya plastiki vya waya wa mtandao) na mita kumi za waya. Nimeandika hapa njia niliyompitisha, kwa sababu vijana wengi wa huku huanza kwa kukimbilia cheti kabla mikono haijagusa chochote.

Hatua ya 1: Laptopu

Yenye RAM ya GB 8 inatosha. Jiandikishe Cisco Networking Academy, shule ya mtandaoni ya kampuni ya Cisco, upakue Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao. Ni ya bure. Unganisha kompyuta mbili na swichi (kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao), zipe anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kila kifaa, uzipimie mawasiliano kwa ping, amri inayotuma ujumbe mfupi na kungoja jibu.

Hatua ya 2: Kubana waya

Hapa usiharakishe. Plagi ina pini nane. Ishike ulimi wake ukiwa chini na tundu la kuingizia waya likikuelekea wewe: pini ya 1 iko kushoto. Mpangilio wa rangi ninaoutumia ncha zote mbili ni ule wa kawaida uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Tazama jozi ya kijani. Mmoja yuko pini ya 3, mwenzake pini ya 6, na jozi ya buluu imekaa katikati yao. Anayeanza huona hiyo ni fujo, akapanga kila rangi kando ya mwenzake. Nami nilipanga hivyo.

Ilikuwa shule moja ya upili upande wa Ahero, waya wa kama mita 70 kutoka ofisini hadi maabara ya kompyuta. Nilipoweka testa, kifaa cha kupimia waya, taa zote nane ziliwaka kwa zamu. Taa ya swichi nayo ikawaka. Lakini kurasa zilikwama, na ping ilipoteza pakiti (kipande cha data) moja katika kila tano hivi. Nikabadilisha swichi. Nikafuta mipangilio yote ya ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti, nikaanza upya. Nikazozana kwenye simu na kampuni ya intaneti. Nilianza saa nne asubuhi, na giza likanikuta pale pale. Kesho yake nilimwita fundi aliyenitangulia miaka mingi. Hakugusa kompyuta hata moja. Aliinua kichwa cha waya kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Kijana, hizi rangi umezipanga kwa sheria gani?"

Nyuzi hizo zimesokotwa mbili mbili ili kelele ya umeme inayompata mmoja impate na pacha wake kwa kiasi kile kile, kisha kifaa kiifute. Pini ya 3 na ya 6 hufanya kazi kama jozi moja. Ukiweka nyeupe-kijani kwenye 3 na buluu kwenye 6, umewaoanisha nyuzi ambao hawakusokotwa pamoja, na kelele inapenya. Testa ya bei ya chini hupima tu kama pini ya 1 imefika kwenye pini ya 1. Haijui nani kasokotwa na nani. Waya wa mita mbili utakudanganya kwa kufanya kazi. Wa mita 70 ndio utakaokuumbua.

Kwa hiyo soma rangi kwa macho kupitia plastiki ya plagi, ncha zote mbili, kabla ya testa. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Ganda la nje liingie ndani ya plagi, libanwe na jino lake. Likibaki nje, nyuzi zitachomoka mtu akivuta meza. Usipite mita 100. Na dukani, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe, hasa kama waya utabeba umeme wa kamera.

Hatua ya 3: Anwani za IP

Jifunze kugawa anwani katika vikundi kwa karatasi na kalamu, bila vikokotoo vya mtandaoni. Kwa kikundi kinachoandikwa /26, barakoa (namba inayoonyesha ukubwa wa kikundi) huishia 192; 256 ukitoa 192 ni 64, kwa hiyo kila kikundi kina anwani 64, na 62 ndizo za vifaa, mbili zikitengwa kwa ajili ya mtandao wenyewe. Fanya hesabu kumi kila jioni kwa wiki mbili.

Hatua ya 4: Ruta

Nunua ruta ndogo ya MikroTik, hata iliyotumika. Amri za RouterOS, mfumo unaoiendesha, ulizozoea kwenye kile kisanduku kidogo ndizo utakazozikuta kwenye mashine kubwa ya mtoa huduma. Kabla ya kubadilisha lolote ukiwa mbali, washa Safe Mode ndani ya Winbox, programu ya kuisimamia ruta hiyo: ukijifungia nje, mabadiliko hujirudisha yenyewe.

Hatua ya 5: Cheti

CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco: mtihani 200-301, dakika 120, dola 300. Hudumu miaka 3. Ufanye ukishakuwa na miezi kadhaa ya kazi, si kabla.

Hatua ya 6: Kazi ya kwanza

Nenda kwa wanaosambaza intaneti mitaani, Kondele, Manyatta, Nyalenda, uombe kubeba ngazi. Beba daftari: kila hitilafu uiandike, dalili yake, ulichojaribu, kilichoiponya. Kwenye mahojiano daftari hilo liweke mezani. Ukiulizwa kuhusu kuunganisha majengo mawili, sema faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme. Radi za mvua za huku ziwani hupitia waya wa shaba ulioko nje zikaunguza swichi za pande zote mbili.

Binti wa shangazi ameanza Jumatatu iliyopita. Siku ya kwanza walimpa kukagua vichwa vya waya ishirini na vinne kwenye kabati moja. Alivikata viwili.