SOMO: Namna ya kupima kama bahari inakula ufukwe, kabla hujanunua kiwanja Pangani

Wakuu, kila wiki hapa Moshi naulizwa kama kiwanja fulani cha Pangani kinaliwa na bahari. Picha ya simu hainiwezeshi kujibu. Pimeni hivi:

1. Tafuta fito mbili za mita 1.5 zenye alama kila sentimita, kamba ya mita 2 na daftari.

2. Nenda siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida), maji yakiwa yamekupwa.

3. Anzia kwenye alama isiyohama, mfano kona ya msingi wa zege. Mnazi hapana, huanguka.

4. Simamisha ufito mmoja kwenye alama, wa pili mbele yake kuelekea baharini, kamba ikiwa imenyooka. Ukiwa kwenye ufito wa nyuma, linganisha ncha ya ule wa mbele na upeo wa macho. Mstari unapokata ufito wako, hesabu sentimita kutoka juu: hizo ndizo mchanga ulizoshuka. Andika, sogea, rudia hadi majini. Njia hii aliieleza mwanajiolojia wa bahari, Emery, mwaka 1961.

5. Rudia MWEZI ULEULE mwaka unaofuata, na unaofuata tena. Hapa ndipo nilipokosea. Nilipima Februari, nikarudi Julai, nikakuta mchanga umepungua sana. Nikamwambia baba mdogo auze, naye akauza kwa hasara. Februari iliyofuata mchanga ulikuwa umerudi. Bado inaniuma. Mawimbi makubwa huvuta mchanga wa ufukweni na kuulaza nje kidogo, ukawa fungu. Utalijua kwa mstari wa povu jeupe mbali na pwani. Bahari ikitulia, mawimbi madogo huurudisha polepole. Tena upepo wa kusi huusukuma mchanga kandokando ya pwani kuelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi huurudisha kusini. Usilinganishe kipimo cha msimu wa kusi na cha msimu wa kaskazi! Na usiseme ufukwe unaliwa kwa vipimo viwili tu.

MASWALI

Kibosho_88: Mkuu, kwa kifupi, nimeshalipa nusu. Kiwanja kiko mita 20 kutoka majini. Salama?

Jibu: Mita 20 saa ngapi, maji yamejaa au yamekupwa? Soma hatua ya 2. Halafu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Usimalizie malipo kabla ya kuuliza halmashauri.

Kibosho_88: Lakini picha za setilaiti zinaonyesha ufukwe mpana.

Jibu: Zilipigwa maji yakiwa wapi? Hatua ya 2, mkuu.

Binti_Geo: Shikamoo mwalimu. Mchanga wenyewe unatoka wapi?

Jibu: Marahaba. Swali zuri sana. Sehemu yake huletwa na mito, na Mto Pangani unaanzia huku kwetu. Kikuletwa na Ruvu hukutana Nyumba ya Mungu, na tangu bwawa lijengwe miaka ya 1960, mchanga wa huku juu unatuama humo. Maji yanaendelea na safari bila huo mchanga. Fuatilia pia Kunduchi, Dar es Salaam, ambako uchimbaji wa mchanga kwenye vijito umetajwa miaka mingi kuwa sababu mojawapo ya ufukwe kuliwa.

Binti_Geo: Naweza kufanya mazoezi hapa Moshi?

Jibu: Ndiyo, ila upeo wa bahari hatuna. Azima kwa mafundi ujenzi ule mpira wa maji wanaosawazishia msingi, upime mteremko wowote wa shamba.

Mpare_Same: Bamvua nitaijuaje nikiwa Same?

Jibu: Angalia mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Panga basi ufike Pangani jioni ya kuamkia siku hiyo.