Beringi za teipa kwenye mkokoteni wa punda: hatua kwa hatua, na ile nati inayosumbua watu

Wakuu habari. Naandika hii kwa sababu wazee wanaouza maji kwa punda huku kwetu wote wanakuja na kesi ileile, gurudumu linayumba, linalia, afu mtu anakwambia "fundi, safari hii niwekee beringi kubwa zaidi". Ukubwa sio shida. Piga hesabu: madumu 20 ya lita 20 ni kilo 400, jumlisha na mkokoteni wenyewe, gawa kwa magurudumu mawili, unapata kama kilo 250 kila upande, na huo ni mzigo ambao beringi ya kigari kidogo inaubeba inasinzia. Kinachoua beringi za mkokoteni ni vumbi, kusukumwa pembeni, na nati iliyokazwa ovyo.

Niseme na hili mapema nisije nikalaumiwa: kama njia yako ni mchanga mzito, usitegemee beringi mpya zimpunguzie punda kazi sana, pale kinachomsaidia ni tairi pana lenye kimo. Beringi zinaondoa kuyumba na kukwama. Na kuyumba kuna hasara kuliko watu wanavyodhani, maana habu (kitovu cha gurudumu) ikicheza kule chini ile mikono ya mkokoteni nayo inacheza, inampigapiga mnyama mbavuni siku nzima, ukimvua matandiko unakuta manyoya yametoka pande zote mbili.

Hatua ya 1: chagua mfumo

Mikokoteni mingi niliyoiona ni bomba limevalishwa kwenye shafti na grisi imepakwa. Inaenda, ila bomba linakula shafti na ndani ya msimu mmoja una shimo lenye umbo la yai.

Wengine wanaweka plumma bloku, nyumba ya beringi inayofungwa chini ya mkokoteni, yani shafti inazunguka pamoja na magurudumu yote mawili. Hii siipendi kabisa na nimeshawakatalia watu. Kwenye kona gurudumu la nje linatakiwa litembee njia ndefu kuliko la ndani, sasa kama yote yameshikwa na shafti moja lazima moja liburuzwe, na anayeliburuza ni punda.

Beringi za gololi, zile 6205 na 6206, zinapatikana kila duka na ni nzuri kwenye mota. Ila gurudumu la mkokoteni linapita kwenye mashimo na makorongo, linapigwa kutoka pembeni kila hatua, na mzigo wa pembeni sio kazi inayopendwa na gololi. Teipa, yani beringi yenye rola zilizokaa kwa mteremko badala ya gololi, ndo jibu, na sio bahati mbaya: Henry Timken, fundi wa magari ya farasi kule St. Louis Marekani, alipata hataza ya hizi beringi mwaka 1898 akilenga tatizo hilihili, mzigo wa juu na wa pembeni kwa wakati mmoja. Yani ni vifaa vya magari ya kukokotwa na wanyama toka mwanzo, magari ya injini yakaja kuzipenda.

Kama uko mbali na lethi (mashine ya kukereza chuma) na welding, usidharau bloku za mti. Chukua mti mgumu uliokauka vizuri, toboa, uchemshe taratibu ndani ya oili mpaka uache kutoa mapovu, uache upoe humohumo ndani ya oili. Inafanya kazi, na ikiisha unachonga nyingine. Mengine yote hapa chini ni ya teipa.

Hatua ya 2: vifaa

Kila gurudumu: beringi 30206 upande wa ndani (tundu milimita 30, nje 62), 30205 upande wa nje (25 kwa 52), sili ya 40-62-10, nati ya M24 tredi za 1.5 (kila mzunguko inasogea milimita 1.5) yenye mikato sita, wosha yenye ulimi, pini ya kukunja. Halafu shafti ya chuma ya milimita 40, nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, sio vipande viwili vya kuchomelea kwenye chaneli, maana vipande viwili havikai sawa na tairi zitaliwa upande mmoja. Bomba nene la habu, likishatobolewa 62 libaki na ukuta wa milimita 10 hivi. Grisi ya lithiamu namba 2.

Njia ya mkato: nenda kwa wauza vyuma chakavu utafute ekseli ya nyuma ya gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Yale ya zamani mengi yana spindo na habu ya teipa tayari, na bolti za tairi zipo. Ukipata nzima, ruka mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 3: lethi na welding

Mpangilio ni muhimu: flanchi (sahani ya chuma) ya kufungia ringi ya tairi ichomelewe kwenye habu KWANZA, ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji, ndo iende kwa mkerezaji. Ukikereza afu ukachomelea, moto unalivuta bomba na tundu halibaki duara tena.

Mpelekee mkerezaji beringi mkononi, usimpe namba kwa simu. Kikombe (duara la nje la beringi) kiingie kwenye habu kwa kubana, koni (sehemu ya ndani yenye rola) ivae kwenye shafti kwa kusukuma na mkono. Bega la kusimamia koni ya ndani lisipungue milimita 36, na pale sili inapokaa liwe 40. Na kona ya bega isiwe kali, iwe na kamviringo kadogo, kadogo kuliko kale ka koni yenyewe, la sivyo ufa unaanzia hapohapo.

Mwambie pia aache mikato miwili nyuma ya bega la kila kikombe ndani ya habu, siku ya kukitoa upate pa kuingiza panchi.

Gurudumu likae katikati ya beringi mbili, lisogee kidogo upande wa ile kubwa.

Ukishafunga beringi usichomelee tena kitu chochote ukiwa umebana waya wa athi upande wa pili wa beringi. Umeme ukipita kwenye rola unaacha vidoti vya kuungua na hiyo beringi imekwisha, hata kama ukiizungusha kwa mkono huoni kitu.

Hatua ya 4: vikombe

Mdomo mpana wa kikombe utazame nje, pande zote mbili. Kisukumie kwa kikombe cha zamani cha saizi ileile kilichokatwa mstari kwa grainda, usipige nyundo moja kwa moja. Sikiliza: kikiwa bado hakijafika mlio ni wa kengele, kikigusa bega mlio unakuwa mzito. Usikubali kuendelea kabla ya huo mlio mzito.

Hatua ya 5: grisi na sili

Weka bonge la grisi kwenye kiganja, ikandamizie kwenye upande mpana wa koni mpaka itokeze upande mwembamba, zunguka koni yote. Kupaka juujuu na kidole sio kuweka grisi. Ndani ya habu jaza theluthi tu, ukijaza kote itapata joto na itatafuta pa kutokea. Na usiongezee grisi mpya juu ya grisi ya zamani usiyoijua, osha kwa dizeli, kausha kwa kitambaa, ndo uanze.

Koni ya ndani iingie, sili ifuate, tafuta yenye midomo miwili kwa sababu ya vumbi letu. Nje weka kofia ya bati inayobana.

Hatua ya 6: kukaza nati

Hapa ndo watu wanapoteza siku. Kuna mzee mmoja tulifungua na kufunga gurudumu lake la kushoto toka asubuhi mpaka wanaenda kuswali alasiri, kila akifunga kwenye mkato mmoja linabana, akirudisha mkato mmoja linacheza, akaanza kuamini beringi ni mbovu. Beringi zilikuwa nzima. Shida ilikuwa hesabu ya nati.

Tuelewane kwanza tunatafuta nini. Teipa kwenye gurudumu hazitakiwi kubanwa, zinatakiwa kuachiwa nafasi kidogo sana, kati ya milimita 0.05 na 0.15. Sasa nati yenye mikato sita na pini inayopita tundu moja inasimama kila moja ya sita ya mzunguko. Kwa tredi za 1.5 hiyo ni milimita 0.25 kwa kila mkato. Umeona? Unaweza kuruka kutoka kubana mpaka kucheza bila kupita katikati. Na ukitumia nati ya kawaida ya M20 yenye tredi za 2.5 ndo balaa, kila mkato ni zaidi ya 0.4, huipati hata ukeshe.

Dawa yake: toboa tundu la pili la pini kwenye shafti, lipishane na la kwanza kwa nyuzi 90. Mikato inakuwa inakutana na tundu moja au jingine kila sehemu moja ya 12 ya mzunguko, yani hatua za 0.125. Tulivyofanya hivyo kwa yule mzee gurudumu lilikubali palepale.

Utaratibu sasa. Gurudumu liwe juu ya jeki, mkokoteni hauna mzigo. Vaa koni ya nje, wosha yenye ulimi, nati. Kaza kwa spana ya kawaida, bila bomba la kuongezea nguvu, huku gurudumu LINAZUNGUKA, lizungushwe raundi kama kumi mbele na nyuma. Bila kuzungusha, rola hazijakaa mahali pake na grisi imejibana katikati, utakaza ukadhani tayari, kesho linacheza. Ukisikia limekuwa zito, legeza nati kabisa. Kaza tena kwa vidole tu mpaka iguse. Kutoka hapo rudisha mpaka tundu la pini la kwanza utakalokutana nalo, weka pini, usikunje bado.

Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Unatakiwa usikie kakitu kadogo sana, karibu usikie kwa mawazo. Ikigonga, kaza hatua moja. Kama hausikii chochote na gurudumu halizunguki lenyewe ukilisukuma kwa kidole, legeza hatua moja. Kabla ya kulaumu nati angalia bolti za ringi, maana zikilegea nazo zinagonga hivyohivyo.

Ile wosha yenye ulimi msiitupe jamani. Inakaa kwenye mfereji wa shafti ili koni ikizunguka kidogokidogo isiburuze nati. Upande wa kushoto gurudumu linazunguka kuelekea kulegeza nati, ndo maana mafundi wa magari ya farasi walikuwa wanakata tredi za kushoto upande huo. Ukiwa na ulimi na pini huhitaji hayo, ukiwa huna, nati itadondoka porini.

Hatua ya 7: majaribio

Kunja pini, piga kofia. Safari ya kwanza beba nusu mzigo, ukirudi weka mgongo wa mkono kwenye habu. Uvuguvugu sawa. Ikikuunguza umebana sana. Baada ya wiki moja inua tena jeki urudie kushika juu na chini, maana kikombe ambacho hakikufika kwenye bega vizuri kinamalizia kushuka siku hizi za mwanzo na nafasi inaongezeka.

Grisi badilisha kila kabla ya mvua na kila baada ya kuvuka mto maji yakafika kwenye habu. Ukifungua ukakuta grisi nyeupe kama maziwa ya mgando, maji yameingia, badilisha na sili kabisa.