Nusu saa ya drams yenye mpango

Ukikaa kwenye drams bila mpango, saa nzima itakwisha ukipiga midundo unayoiweza tayari. Inanoga, ila hujifunzi kitu. Bora nusu saa kila siku kuliko saa nne za Jumamosi.

Dakika 10 za kwanza usiguse seti. Chukua vijiti na kipande cha mpira, au hata mto, washa metronomu (kifaa au programu ya simu inayogonga mapigo kwa kasi moja) kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga kulia-kushoto kwa kupokezana, kisha mbili-mbili kila mkono, kisha ule mchanganyiko wa kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto. Mkono dhaifu utajulikana hapo hapo. Siku nyingine uanze nao. Ongeza mapigo 5 tu pale sauti za mikono yote miwili zinapolingana na mabega yamelegea. Mabega yakikaza, rudi chini, hata kama inauma moyo. Andika kasi uliyofikia kwenye daftari, kesho uanzie chini yake kidogo.

Dakika 15 zinazofuata ni za mdundo mmoja tu, ndiyo, mmoja kwa wiki nzima. Hesabu hadi nne mara tatu ukiushika mdundo, mara ya nne ndiyo uweke mbwembwe. Wengi huharakisha kwenye mbwembwe halafu hurudi wamechelewa au wamewahi. Jirekodi kwa simu utajisikia mwenyewe.

Dakika 5 zilizobaki piga unachopenda.