Gesi ya AC haiishi: namna ya kutengeneza AC yako Dodoma, na lini uachane nayo ununue nyingine

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa Dodoma kuna siku unagusa ukuta saa nne usiku unakuta bado una moto, bati limepika nyumba toka asubuhi, watoto wanahama vitanda wanaenda kulala sebuleni chini kwenye vigae. Ndo kipindi AC za mtaa mzima zinagoma kwa pamoja, mafundi hawashikiki, na ukimpata mmoja neno utakaloambiwa karibu kila mara ni hilihili, gesi imeisha. Mimi nimelilipia hilo neno mara tatu ndani ya msimu mmoja, AC ileile chumba kilekile, inapooza wiki mbili tatu afu inarudi kupuliza upepo kama feni. Fundi wa nne alikuwa mzee mmoja, hakufungua hata mtungi, aliomba sabuni ya kuoshea vyombo na sponji, akapaka povu kwenye nati za bomba la kopa kule nje, tukakaa tunaangalia, na kweli nati moja ikaanza kutoa mapovu taratibu. Mdomo wa kopa ulikuwa umepasuka. Akaukata, akautanua upya, akafunga, akajaza gesi kwa kupima, na mpaka leo ile AC sijaijaza tena.

Kwa hiyo hili lishike kabla ya mengine yote: gesi ya AC haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, kompresa inaisukuma, inaenda nje kutema joto, inarudi ndani kubeba joto lingine, basi. Friji yako ni mfumo huohuo, na kuna watu wana friji ya miaka 15 haijawahi kuongezwa gesi hata siku moja. AC ikipungukiwa gesi maana yake inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta inapovujia anakuuzia wiki tatu za baridi.

Ila pia mara nyingi tatizo wala sio gesi. Hapa kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ni upepo na vumbi lile jekundu, mvua hamna, na vumbi hilo ndo adui namba moja. Anza na unit ya ndani, inua kile kifuniko cha mbele, toa filta zile za nyavu, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zikaushe kivulini zisijikunje na jua. Kwa Dodoma msimu wa vumbi fanya hivyo kila wiki mbili, usisubiri miezi mitatu kama baadhi ya vitabu vya maelekezo vinavyosema maana havikuandikwa mtu akiwa Nkuhungu kwenye barabara ya vumbi. Filta ikiziba hewa haipiti, sehemu ya ndani inapoa kupita kiasi na kugandisha barafu, afu wewe unaona barafu unasema gesi. Ukikuta barafu izime AC, acha feni peke yake iendelee kama saa mbili mpaka iyeyuke yote, safisha, ndo uwashe tena uangalie.

Kisha unit ya nje. Zima breka yake kabisa sio remoti tu, halafu chukua mpira wa maji wa kawaida uoshe zile bati nyembamba za alumini zilizopangana nyuma na ubavuni. Maji yaende taratibu, kama unaweza kufungua kava yapige kutoka ndani kwenda nje ili vumbi lirudi lilikotoka, na usithubutu kutumia ile pampu ya kuoshea magari, itazilaza zote na hewa haitapita tena. Nimeshaona AC ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuinunulia kompresa mpya, tukaiosha maji machafu kama uji wa ulezi yakatoka, ikapooza siku ileile. Ukiwa hapo angalia pia kama kuna mjusi au sisimizi wameingia kwenye boksi la umeme, wanapenda sana kukaa mle na wanaunguza bodi ya umeme.

Baada ya usafi pima, usikisie. Kipimajoto cha kawaida kinatosha, washa AC dakika 15, weka hewa inapoingia juu halafu hewa inapotoka chini. Tofauti ikiwa kati ya digrii 8 na 12 AC iko vizuri, na kama chumba bado ni cha moto basi shida ni chumba au ukubwa wa AC, gesi haihusiki. Tofauti ikiwa digrii 3 au 4 na umeshasafisha kila kitu, hapo sasa tuongee.

Umeme kwanza. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230, lakini jioni watu wote wakiwasha kuna mitaa inashuka chini ya 200, na kompresa ikilazimishwa kuwaka na umeme mdogo inanguruma, inapata moto, inajizima, inarudia, mwisho inakufa. Nunua AC gadi, ni kifaa kidogo, kinakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa, na umeme ukirudi kinasubiri dakika kama 3 ndo kinaruhusu. Hizo dakika 3 zina maana, presha ndani ya mabomba inahitaji muda kulingana pande zote mbili, ukiwasha papo hapo kompresa inaanza ikiwa imebeba mzigo mzito.

Kama unit ya nje inanguruma tu lakini feni au kompresa haizunguki, mara nyingi ni kapasita. Ni kikopo kidogo cha kuanzishia mota, joto la huku linakichosha, ukikikuta kimevimba juu basi kimekufa. Ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote kwenye AC na kuna watu wameuziwa kompresa nzima kwa sababu ya hicho kikopo. Lakini USIGUSE MWENYEWE kama hujafundishwa, kapasita inabaki na umeme hata baada ya kuzima breka na inapiga vibaya. Mwambie fundi aipime mbele yako kwa mita, thamani imeandikwa ubavuni kwa maikrofaradi, ikisoma chini sana ya hapo ibadilishwe.

Maji yakidondokea ndani ya chumba usipanike, mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba na vumbi na ute. Lipulize kutokea nje au livute kwa pampu, na hakikisha halina sehemu inayopanda juu.

Haya, tukifika kwenye gesi kweli. Mambo ya kumuuliza fundi kabla hajafungua mtungi: inavujia wapi, gesi gani, kiasi gani. Aina ya gesi na uzito wake vimeandikwa kwenye lebo ya unit ya nje, mfano R32 gramu 600, kwa hiyo fundi mzuri anakuja na mzani na akishaziba panapovuja anatoa gesi yote iliyobaki, anavuta vakyumu kwa pampu kama dakika 20 au 30 kutoa hewa na unyevu, anaangalia geji ya presha kama inabaki palepale, ndo anajaza kwa uzito. Anayefungua nati kidogo aseme "napuliza hewa itoke" halafu ajaze kwa kushika bomba kuona limepoa, huyo mwache aende. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, inajazwa ikiwa katika hali ya kimiminika sio mvuke, na usikubali aongeze aina moja juu ya nyingine eti zinafanana. R32 inashika moto kwa kiasi fulani, na wapo wanaojaza gesi ya propani kwenye mashine za zamani za R22 kwa sababu inapooza vizuri, inapooza kweli, lakini umeweka gesi ya kulipuka ndani ya chumba cha kulala kwenye mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Na hili naliandika kwa uchungu kabisa: kutafuta panapovuja wanatumia presha ya naitrojeni. Ukiona fundi anataka kutumia mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, msimamishe hapohapo. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka, inaua.

Wengi hapa ni wapangaji na watumishi wa kuhamahama, toka serikali ihamie huku mtu yuko mtaa wa Kisasa mwaka huu, mwakani yuko Ilazo, na kila akihama analipia gesi upya. Hamna haja. AC ikiwa inafanya kazi fundi anaiwasha kwenye baridi, anafunga vali ya bomba jembamba, anasubiri kama dakika moja hivi geji ishuke karibu na sifuri, anafunga vali ya bomba nene, anazima mara moja. Gesi yote imejifungia kwenye unit ya nje, unahama nayo, ukifika unafunga mabomba, unavuta vakyumu, unafungua vali. Anayekata kopa gesi iishie hewani anakupotezea hela yako na anachafua anga bure.

Lini uache kutengeneza? Mimi naangalia hivi. Kama ni ya R22 na kompresa imekufa, achana nayo, gesi hiyo inaondolewa duniani kwa mkataba wa Montreal wa 1987, kwa nchi zetu zinazoendelea kiwango cha matumizi kilizuiwa kupanda 2013, 2025 kikatakiwa kiwe kimepungua kwa asilimia 67.5, na 2030 inabaki kidogo sana kwa matengenezo, maana yake itazidi kuadimika na kupanda bei. Kama ina miaka 10 na gharama ya kutengeneza inapita nusu ya bei ya mpya, achana nayo. Kama koili ya ndani, yale mabomba yanayopooza hewa, imeoza inavuja sehemu tatu nne, usizibe. Ila kama ni bodi, kapasita, mota ya feni au nati inayovuja, tengeneza, hata kama muuza duka anakushawishi vingine.

Ukinunua mpya usinunue kwa kukisia. Madukani wanasema HP, 1 HP ni kama BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza), 1.5 ni 12,000, 2 ni 18,000. Kwa joto la huku chukua karibu BTU 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba, chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosha 9,000, cha 4 kwa 4 weka 12,000, na kama juu ni bati tupu bila silingi au dirisha linaangalia jua la jioni panda ngazi moja. Kubwa kupita kiasi nayo sio nzuri, inapooza haraka inajizima inawaka tena, inakula umeme na inachoka. Kuhusu AC ya inveta, ile ambayo kompresa yake inabadilisha mwendo, kama utaiwasha usiku kucha lipia tu hiyo tofauti. AC ya kawaida ya 12,000 inakula karibu uniti 1 kwa saa kompresa ikiwa inafanya kazi, tuseme usiku uniti 5, na uniti ya LUKU kwa mteja wa kawaida ikiwa karibu shilingi 350 hiyo ni kama 1,750 kwa usiku, zidisha kwa mwezi. Inveta inashusha hapo vizuri tu kwa sababu chumba kikishapoa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Ipe AC waya wake peke yake wa milimita 2.5 kutoka kwenye breka yake, sio kuchomeka kwenye soketi moja na pasi. Unit ya nje ikae upande wenye kivuli, isibanwe ukutani, na kizimba cha nondo cha kuzuia wezi kiwe wazi hewa itoke.

Kabla hujanunua lakini, fikiria feni ya maji, zile zenye tanki na pedi za kulowana. Pwani hazifai kabisa, Dar unyevu umejaa hewani maji hayakauki unaishia kulowa, ila Dodoma mwezi wa tisa na wa kumi hewa ni kavu mno, maji yanakauka haraka na yakikauka yanabeba joto. Inakula umeme mdogo sana ukilinganisha na AC. Sharti ni moja, acha dirisha wazi kidogo upande wa pili unyevu utoke, na mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili nguvu yake inapungua. Kwa sebule ya wazi ambayo AC haiwezi kuishika, mimi naipendekeza bila wasiwasi.

Mwezi wa sita na wa saba mambo yanageuka, usiku unashuka mpaka digrii 13 au 14 na wenye watoto wachanga wanahangaika. Angalia remoti yako kama ina alama ya jua na mashine ni ya baridi na joto kweli, maana nyingi zinazouzwa huku ni za baridi tu hata kama remoti ina hiyo alama. Ikiwa inayo, inageuza mzunguko wa gesi, inachukua joto la nje inaleta ndani, kwa uniti moja ya umeme unapata kama tatu za joto wakati hita ya waya inakupa moja tu. Kama haina, ongeza blanketi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani mlango umefungwa, hata kama moshi umeisha na mkaa umekolea mwekundu, hewa yake haina harufu na watu wanalala wasiamke.