Tangi la simenti linatoa michirizi myeupe? Fanya hivi kabla lipu haijaisha

Ukiona tangi lako la maji ya mvua limeanza kutoa michirizi myeupe kwa nje usikimbilie kusema ni chumvi tu ukapaka rangi juu. Kamulia limao hapo, likitoa povu ujue hiyo ni chokaa ya simenti yenyewe, maji yameitoa ndani ikaja kukaukia nje.

Simenti ikishika inatengeneza chokaa humo humo ndani, sasa maji ya mvua hayajabeba madini yoyote kwa hiyo yanabeba ya kwako, kila yakipenya yanaondoka nayo kidogo yanaacha vitundu, na vitundu vikiongezeka maji yanapita mengi zaidi. Maji magumu ya kisima hayana fujo hivyo. Kama kuna nondo ndo balaa, maana hiyo chokaa ndo inazikinga na kutu.

Pima kwa msumari. Mimi kwangu huku chini palipolowa uliingia kama kwenye kiazi kilichoiva, juu pakavu ukachora mstari tu. Chanzo nakijua, fundi alikuwa kila mchanganyiko ukianza kukaza anaongeza kopo la maji na mimi nipo namuangalia!

Kutengeneza: toa maji yote, gonga na nyundo, panapolia mvungu banjua mpaka ukutane na lipu ngumu, sugua na brashi ya waya, osha, loweshea usiku ili asubuhi ukuta uwe na unyevu ila usiwe unachuruzika. Mchanga msafi uliochekechwa, simenti moja mchanga tatu, na mfuko wa kilo 50 maji yasizidi lita 25 hivi, mchanga ukiwa umelowa punguza. Ukipata simenti yenye pozolana (lile jivu la volkano, Mbeya lipo) chukua hiyo, inaila chokaa inaigeuza kuwa gundi, maji yanakosa cha kubeba. Piga mikono miwili myembamba (yaani tabaka mbili za lipu), wa mwisho ukiwa bado mbichi malizia na niru (uji wa simenti tupu).

Halafu hapa ndo watu wanaharibu, wanamwagilia siku mbili basi. Funika na magunia yaliyolowa siku 14, pozolana inakaza taratibu.

Rangi ya nje haisaidii kitu, maji yanatokea ndani. Na ukijaza mara ya kwanza acha maji yakae siku mbili tatu umwage, yanakuwa na umagadi magadi, hata chai haiendi.