Ruzuku ya hewa safi kwa daladala za Mbeya: anzeni na daftari la lita

Mwongozo huu ni wa vyama vya wenye daladala, viongozi wa ruti na yeyote anayesaidia kuandika andiko la kupunguza moshi wa Hiace na Coaster kati ya Uyole, Mwanjelwa, mjini na Mbalizi. Maandiko mengi hukwama mfadhili anapouliza swali moja: leo mnachoma lita ngapi, na mnajuaje? Ndiyo maana hatua ya pili ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Jueni nani anaomba, na kwa nani

Mwenye gari mmoja hapati ruzuku. Sajilini ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, au mshirikiane na asasi ya kiraia iliyosajiliwa.

Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), unaosimamiwa na UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa), unahudumia vikundi vya jamii na asasi, si kampuni. Kwa muda mrefu kiwango chake kimekuwa hadi dola 50,000 kwa mradi. Fedha hiyo hainunui mabasi mapya, lakini inatosha matengenezo, vipimo na mafunzo. Mfuko wa Tabianchi wa Kijani haupokei andiko la kikundi moja kwa moja. Hupitia taasisi zilizoidhinishwa, na Benki ya CRDB ilipata idhini hiyo mwaka 2019. Adaptation Fund, mfuko ambao hapa nchini unapitia NEMC (baraza la taifa la mazingira), ni wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Msiupelekee andiko la moshi wa magari.

Hatua ya 2: Daftari la lita

Tatizo la daladala ni mfumo wa hesabu. Dereva anampa tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku (kiasi walichokubaliana), na mafuta yako juu ya dereva. Tajiri hajui gari linakula lita ngapi, na dereva hana sababu ya kusema. Zaidi ya hapo anaogopa: tajiri akijua mafuta ni machache kuliko alivyodhani, hesabu itapanda. Kabla ya kugawa daftari, kaeni kikao cha matajiri na madereva, mwandike kwenye muhtasari kwamba hesabu haitapandishwa kwa sababu ya takwimu hizi, na pande zote zisaini. Bila karatasi hiyo daftari litajazwa kwa kubuni, na takwimu za kubuni hujulikana mapema: kila siku lita zile zile, kila mstari umeandikwa kwa kalamu ile ile.

Kila mstari uwe na tarehe, namba ya gari, jina la dereva, tripu, kilometa, shilingi, lita na namba ya risiti. Jina la dereva ni muhimu kwa sababu ya deiwaka, dereva wa kushikia gari kwa siku. Gari moja likiendeshwa na watu wawili kwa wiki, ulaji wa mafuta unaweza kutofautiana sana, na mkaguzi atataka kujua kwa nini.

Madereva hununua kwa shilingi, si kwa lita: "niwekee ya elfu thelathini." EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Mbeya si ya Dar es Salaam. Msigawanye shilingi kwa bei ya wastani wa mwaka. Chukueni lita kwenye risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya siku ile ile. Risiti ikipotea, siku hiyo iachwe wazi. Siku iliyoachwa wazi ina maelezo. Siku iliyokisiwa huharibu hata zile za kweli.

Risiti peke yake haitoshi, kwa hiyo fanyeni kipimo cha tangi kujaa kwa magari machache, angalau matano, yakiwamo ya zamani kabisa. Jazeni mpaka bomba lijikate lenyewe, andikeni kilometa, gari lifanye kazi siku tatu, kisha jazeni tena. Mambo matatu hukosesha kipimo hiki:

- Kuongezea baada ya bomba kujikata. Mara ya pili hamtajaza sawasawa.
- Kubadilisha sheli. Baadhi ya sheli ziko kwenye mteremko, na gari likiinama tangi hupokea lita tofauti. Tumieni pampu ile ile, gari likielekea upande ule ule.
- Kuamini dashibodi. Kwenye magari mengi kilometa zimesimama. Pimeni ruti mara moja kwa simu yenye GPS, mwanzo hadi mwisho, kisha zidisheni kwa tripu.

Kwenye tripu angalieni wanaokatisha ruti. Gari likigeuzia Mwanjelwa badala ya kufika Uyole, hiyo ni nusu tripu, na kondakta aiandike hivyo. Ongezeni pia kilometa za alfajiri na usiku, gari linapotoka na kurudi maegeshoni bila abiria. Hizo mafuta zinakula, nauli hazileti.

Kusanyeni wiki nne za kiangazi na nne za masika. Kama barabara kuu kwenye ruti yenu ingali kwenye upanuzi wa njia nne, ule wa Nsalaga hadi Ifisi wenye kilometa 29, elezeni siku za foleni za ujenzi. Msipoeleza, mtaonekana mmejipa sifa ya nafuu iliyoletwa na barabara.

Kisha hesabu yenyewe. Tuseme Coaster 20, kila moja lita 28 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni lita 174,720 kwa mwaka. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.68 za kaboni dioksidi, kwa hiyo ni kama tani 468. Mkiahidi kupunguza asilimia 10, mnaahidi lita 17,472. Andikeni ahadi kwa lita kwanza, tani baadaye. Lita zinakaguliwa kwa risiti.

Hatua ya 3: Moshi wenyewe

Tumieni kipima moshi cha bomba la ekzosi. Injini iwe imepata moto wa kazi, kanyageni mafuta hadi mwisho angalau mara tatu, kisha chukueni wastani. Injini baridi hutoa matokeo mabaya yasiyo ya kweli.

Vile vifaa vidogo vya kupima PM2.5, yaani chembechembe ndogo sana za hewani, ni vizuri kwa kuonyesha hali ya kituo, si kwa kuthibitisha kazi yenu. Ukungu wa Mbeya hupandisha namba kwa sababu chembechembe huvimba kwa unyevu. Mwishoni mwa kiangazi kuna moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi. Mkiweka kifaa kimoja kituoni, wekeni kingine mbali na barabara, mlinganishe. Kiwango cha PM2.5 cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha mwaka 2021 ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kitajeni, lakini msiahidi kukifikia kwa mabasi peke yake.

Hatua ya 4: Mnachoomba

Anzeni na matengenezo: nozeli, pampu, filta ya hewa, valvu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) iliyosetiwa mafuta kwa ajili ya Dar es Salaam hapa inapata dizeli nyingi kuliko hewa, na moshi mweusi unatoka hapo. Kuiseti upya ni kazi ya gharama ndogo na matokeo yake yanaonekana siku ile ile.

Msiombe vichujio vya masizi vya kufunga kwenye injini kuukuu. Vinahitaji ekzosi yenye joto kali ili vijisafishe. Daladala inayosimama kila kituo haifiki joto hilo, na injini inayokula oili huvijaza haraka. Gesi asilia nayo ina bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, huku haliji.

Mkiomba mabasi mapya au ya umeme, semeni wazi magari ya zamani yatakwenda wapi. Yakiuzwa Chunya au Tukuyu, moshi umehama tu, na mfadhili mzoefu atauliza. Wekeni kwenye bajeti gharama ya kukata chesisi, picha za kabla na baada, na kufuta usajili TRA.

Hatua ya 5: Bajeti na mchango wenu

Mchango si lazima uwe taslimu wote. Eneo la maegesho, siku ambazo gari linakaa gereji bila kuingiza hesabu, na saa za fundi vyote vina thamani, ila viwe na karatasi. Gharama zilizotumika kabla ya kusaini mkataba kwa kawaida hazirudishwi, hivyo msinunue nozeli mapema kwa matumaini.

Hatua ya 6: Nyaraka

Cheti cha usajili, TIN, hesabu zilizokaguliwa, leseni za LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) za kila gari na barua ya Halmashauri ya Jiji. Barua ya Jiji ombeni mapema kuliko zote. Mkijenga gereji au kituo cha kuchajia, andikieni NEMC kanda kuuliza kama inahitajika tathmini ya mazingira. Oili chafu ndiyo wataiulizia kwanza.

Hatua ya 7: Baada ya kutuma

Endeleeni kujaza daftari. Majibu huchukua miezi, na mkaguzi akija atafungua ukurasa wa wiki iliyopita, atachagua mstari mmoja, kisha ataomba risiti yake. Ziwekeni kwenye bahasha za mwezi na piga picha kila moja siku ile ile, maana wino wa EFD hufifia.