Silikoni ya bafuni: jaza hodhi maji kwanza
Kabla ya kupaka silikoni, ile gundi ya kuziba mwanya kati ya hodhi la kuogea na vigae, jaza hodhi maji. Likilemewa hushuka kidogo na ule mwanya hupanuka. Ukipaka likiwa tupu, siku mtu akioga silikoni itavutwa na kubanduka. Maji hayo yaache humo mpaka ikauke, kwa kawaida saa 24.

Silikoni ya zamani ing'oe yote, maana mpya haishiki vizuri juu yake. Futa kwa spiriti, pakauke kabisa. Bandika teipu ya karatasi juu na chini ya mwanya, paka kwa mkupuo mmoja, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, kisha bandua teipu papo hapo. Ukichelewa, silikoni hufanya ngozi na ukingo unachanikachanika.